Kiswahili cha Biblia: Historia ya Tafsiri na Uzito wa Maneno katika Maisha ya Kanisa

1.0 Utangulizi



Kila Jumapili, mamilioni ya watu wa Afrika Mashariki na ya Kati husomewa Maandiko Matakatifu kwa Kiswahili. Wengi wao si Waswahili kwa kuzaliwa. Nyumbani huzungumza Kinyakyusa, Kihaya, Kikamba, Kitaita au Kibembe. Lakini kanisani Mungu husema nao kwa lugha iliyokulia katika miji ya pwani, miongoni mwa Waislamu, muda mrefu kabla Biblia haijatafsiriwa kwayo. Jambo hili limezoeleka mno hata hatulistaajabii tena. Hata hivyo, kwa mtaalamu wa lugha na kwa muumini pia, ni jambo lenye maswali mazito. Maneno tunayosalia tuliyapata wapi? Yalikuja na maana gani? Je, maana hizo zimebaki zilivyokusudiwa na wafasiri, au zimekwenda njia yake?

Mhadhara huu unanuia kuyajibu maswali hayo kwa hatua tatu. Kwanza, tutapitia kwa ufupi historia ya tafsiri za Biblia katika Kiswahili. Pili, tutaangalia mvutano uliohusu asili ya maneno ya dini, yaani kama yafaa yatoke katika Kiarabu au katika Kibantu. Tatu, tutachambua maneno machache ambayo waumini huyasikia kila wiki, ili tuone jinsi sarufi na msamiati wa Kiswahili unavyochangia katika kuunda imani yenyewe. Hoja yetu kuu ni kwamba hakuna neno la dini linaloingia katika tafsiri likiwa halina mzigo. Kila neno huja na historia yake, na kanisa lisiloijua historia hiyo huenda likahubiri jambo moja huku wasikilizaji wakipokea jingine.

2.0 Historia ya tafsiri kwa ufupi

2.1 Mwanzo: Mombasa na Unguja

Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na Church Missionary Society ya Uingereza, alifika Mombasa mwaka 1844. Mwaka huohuo alianza kutafsiri Kitabu cha Mwanzo, akisaidiwa na kadhi wa mji huo. Ilikuwa katika miezi hiyohiyo ya kwanza kwamba mkewe, Rosine, na mtoto wao mchanga walifariki. Sura tatu za kwanza za tafsiri hiyo zilichapishwa Marekani mwaka 1847 katika jarida la wataalamu wa lugha za Mashariki. Yafaa tukumbuke picha hiyo: mwinjilisti wa Kikristo na mwanasheria wa Kiislamu wameketi pamoja wakitafuta namna ya kusema kwa Kiswahili kwamba Mungu aliumba mbingu na nchi. Historia ya Biblia ya Kiswahili ilianza kwa ushirikiano wa aina hiyo, na kwa sehemu kubwa iliendelea hivyo.

Kule Unguja, Edward Steere wa Universities' Mission to Central Africa aliwasili mwaka 1864. Alitoa kitabu chake cha kufundishia Kiswahili mwaka 1870, akawa askofu mwaka 1874, na Agano Jipya lake katika Kiunguja likachapishwa mwaka 1879. Steere alifariki mwaka 1882, lakini wenzake waliiendeleza kazi, na Biblia nzima ya Kiunguja ikatoka mwaka 1891. Kanisa kuu alilolijenga huko Mkunazini liliwekewa jiwe la msingi mwaka 1873, mahali palipokuwa soko la watumwa ambalo lilifungwa mwaka huohuo. Miongoni mwa watu wa kwanza kuisikia Injili kwa Kiunguja walikuwa vijana waliookolewa utumwani, waliotoka bara, na ambao Kiswahili kwao kilikuwa lugha ya kujifunza. Kwa hiyo tangu mwanzo Kiswahili cha kanisa kilikuwa lugha ya watu waliokusanyika kutoka makabila mengi.

Wafasiri wa Mombasa hawakukubali kwamba Kiunguja kiwe lahaja ya kila mtu. William Taylor, aliyefanya kazi kwa karibu na Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mjuzi wa ushairi wa Mombasa, aliamini kwamba Kimvita, lahaja ya washairi, ndicho chenye upana na adabu ya kubeba Maandiko. Biblia nzima ya Kimvita ilichapishwa mwaka 1914. Hivyo, kufikia mwanzo wa karne ya 20, Waanglikana wa Unguja na Waanglikana wa Mombasa, waumini wa kanisa moja, walikuwa wakisoma Biblia mbili za Kiswahili.

2.2 Kusanifishwa kwa lugha na Biblia ya Union

Uamuzi wa mwaka 1928 uliofanyika Mombasa, wa kukifanya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kuundwa kwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki mwaka 1930, viliwapa wafasiri wa Biblia sababu mpya ya kuungana. Vyama vya misheni viliona kwamba shule zikifundisha Kiswahili kimoja, haitafaa makanisa yasome Biblia mbalimbali. Matokeo yake ni tafsiri tunayoiita Union: Agano Jipya lilitoka mwaka 1950 na Biblia nzima mwaka 1952. Jina lake lenyewe lilikuwa tangazo la kusudi lake, yaani muungano wa makanisa ya Kiprotestanti na wa lahaja mbili zilizoshindana.

Muungano huo ulikuwa na gharama. Biblia ya Kimvita ilitoweka kanisani taratibu, na pamoja nayo likatoweka jaribio la pekee la kuipa lahaja ya washairi nafasi ya lugha ya ibada. Mwanafunzi wa fasihi anayetaka kujua Kimvita cha nathari kilikuwaje mwanzoni mwa karne ya 20 hana budi kuitafuta Biblia hiyo maktabani.

2.3 Wakatoliki na tafsiri za karibuni

Kanisa Katoliki lilipita njia nyingine. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni yao Bagamoyo mwaka 1868, na miongoni mwao alikuwamo Charles Sacleux, ambaye kamusi yake kubwa ya Kiswahili kwa Kifaransa, iliyochapishwa kati ya mwaka 1939 na 1941, ingali hazina kwa wanaisimu. Kwa Wakatoliki, hata hivyo, katekisimu, sala na nyimbo ndizo zilizotangulia kushika nafasi kuu katika Kiswahili, kwa kuwa Misa yenyewe ilisomwa kwa Kilatini. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofanyika kati ya mwaka 1962 na 1965, uliifungulia Misa mlango wa lugha za watu. Ghafla Kiswahili kikatakiwa kibebe liturujia nzima, na walei wakaanza kusimama mbele ya waumini wenzao kusoma masomo.

Katika miaka hiyohiyo nadharia ya tafsiri nayo ilibadilika. Eugene Nida wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1964, alieleza kwamba mfasiri hapaswi kufuata umbo la sentensi ya asili bali athari yake kwa msikilizaji. Fikra hizo ziliongoza tafsiri ya Habari Njema: Agano Jipya lilitoka mwaka 1977, na Biblia nzima katikati ya miaka ya 1990. Tafsiri hii iliandaliwa kwa ajili ya Waprotestanti na Wakatoliki pamoja, na hutolewa pia katika toleo lenye vitabu vya Deuterokanoni. Biblia ya Union nayo imesahihishwa lugha na kutolewa upya katika karne hii. Hivyo, muumini wa leo anaweza kuwa na Biblia mbili za Kiswahili katika simu moja, na kuzilinganisha mstari kwa mstari wakati mahubiri yakiendelea.

3.0 Mvutano juu ya asili ya maneno

3.1 Jaribio la Karl Roehl

Hakuna mfasiri aliyeliona swali la maneno kwa ukali kama Karl Roehl, mmisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani. Agano Jipya lake lilitoka mwaka 1930, na Biblia nzima mwaka 1937. Roehl aliamini kwamba Kiswahili cha pwani kimejaa Kiarabu kupita kiasi, na kwamba mkulima wa bara, ambaye lugha yake ni ya Kibantu, angeielewa Injili vizuri zaidi kama maneno hayo yangepunguzwa. Basi akayaondoa mengi. Nabii akawa mfumbuaji. Kuhani akawa mtambikaji. Injili ikaitwa utume mwema.

Hoja yake ilipingwa mapema. Canon Broomfield wa Unguja, katika miaka ya mwanzo ya 1930, alimjibu kwa maandishi kwamba maneno ya asili ya Kiarabu si wageni tena katika Kiswahili. Yamekwisha kuwa mali ya wasemaji, na kuyang'oa ni kuitengeneza lugha isiyosemwa na mtu. Historia imempa Broomfield ushindi, maana Union haikufuata njia ya Roehl. Leo Mkristo wa Songea au wa Machakos husema dhambi, toba, imani, neema, nabii, sadaka na malaika bila kudhani kwamba ameazima chochote.

Lakini tusimhukumu Roehl haraka. Swali alilouliza lilikuwa la haki: je, neno lililozoeleka msikitini lina maana ileile linapotajwa kanisani? Kosa la jibu lake lilikuwa kudhani kwamba neno la Kibantu ni safi. Chukua mtambikaji. Neno hili halina Kiarabu, ni kweli. Lakini tambiko ni ibada kwa wahenga, penye kaburi, pombe na damu ya mnyama. Roehl alipolikwepa neno moja lililobeba dini ya jirani, aliliingiza neno jingine lililobeba dini ya mababu. Kuhani nalo lina historia yake, kwani katika Kiarabu lilimhusu mpiga ramli. Kwa maneno mengine, mfasiri hakupewa nafasi ya kuchagua kati ya neno lenye mzigo na lisilo na mzigo. Alichagua mzigo upi aubebe.

3.2 Ushahidi wa majina

Majina ya watu wa Biblia yanalithibitisha jambo hili kwa namna ya kuvutia. Katika Biblia ya Union, mababu na manabii wengi wa Agano la Kale wanaitwa kwa majina ambayo miji ya pwani ilikwisha kuyajua: Ibrahimu, Yusufu, Musa, Daudi, Sulemani, Ayubu. Tukifika Agano Jipya, hali inabadilika. Hatumkuti Isa bali Yesu. Hatumkuti Yahya bali Yohana. Yaonekana wafasiri walikubali kushirikiana na Waislamu katika urithi wa zamani, lakini pale imani zinapoachana waliweka alama ya mpaka kwa jina.

Tafsiri ya Habari Njema imesogeza mpaka huo nyuma zaidi. Humo tunamsoma Abrahamu, Yosefu, Mose, Solomoni na Yobu. Majina hayo yanakaribia yale ya lugha za Ulaya, na yameyasaidia makanisa ya Kikristo kukubaliana kati yao. Hata hivyo, Mkristo na Mwislamu wa mtaa mmoja, waliokuwa na Musa mmoja, sasa wana Musa na Mose. Sidai kwamba wafasiri walikusudia utengano. Ninasema tu kwamba katika tafsiri, kila hatua ya kumkaribia mmoja huweza kuwa hatua ya kumwacha mwingine, na kwamba hesabu hiyo yafaa ifanywe kwa uwazi.

Hilo ni muhimu kwa sababu ukopaji wa maneno haukuwa wa upande mmoja. Godfrey Dale, padre wa Unguja, aliitafsiri Kurani kwa Kiswahili mwaka 1923. Baadaye zikafuata tafsiri za Waislamu wenyewe, ikiwamo ile ya Sheikh Mubarak Ahmad Ahmadi ya mwaka 1953 na ile ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy ya mwaka 1969. Dini mbili zinachota maji katika kisima kimoja. Anayetaka kukizungushia ua hana budi kwanza kujiuliza nani alikichimba.

4.0 Sarufi inayokiri imani

Wengi hudhani kwamba teolojia imo katika maneno makubwa tu. Katika Kiswahili, imo pia katika viambishi.

Neno roho ni la ngeli ya I-/ZI-. Mtu husema kwamba roho yake imefurahi, au roho zao zimetulia. Lakini makanisa mengi, tangu tafsiri za kwanza, yamesema Roho Mtakatifu, na yakampa upatanisho wa mtu: Roho anashuka, anafundisha, anahuzunika. Kiambishi m- katika sifa na a- katika kitenzi vinatangaza, bila maelezo, kwamba huyu ni Nafsi wala si nguvu tu. Mashahidi wa Yehova, ambao hawakubali fundisho hilo, huandika roho takatifu kwa upatanisho wa kitu. Hapa tofauti ya imani iliyojadiliwa katika mitaguso ya karne ya 4 imekaa katika silabi moja. Mtoto wa shule ya Jumapili anaikiri au kuikana kabla hajajua neno Utatu.

Ndivyo ilivyo pia kwa neno lenyewe neno. Kwa kawaida ni la ngeli ya LI-/YA-. Lakini mwanzoni mwa Injili ya Yohana, wafasiri waliliandika kwa herufi kubwa na kulipa upatanisho wa a-. Msikilizaji anashtuka kidogo: neno si kitu kilichotamkwa, ni mtu aliyekuwapo. Kigiriki cha asili hakina nyenzo hiyo. Kiswahili, kwa mfumo wake wa ngeli, kiliweza kusema waziwazi jambo ambalo lugha nyingine hulieleza kwa tanbihi.

Kuna faida nyingine isiyotajwa sana. Kiwakilishi yeye na kiambishi a- havibainishi mume wala mke. Makanisa ya Uingereza na Marekani yamegawanyika juu ya kiwakilishi kinachomfaa Mungu. Katika Kiswahili mjadala huo hauna pa kushika mpaka tufike kwenye neno Baba. Si kwamba Waafrika Mashariki wamelitatua swali hilo. Ni kwamba lugha yao haikuwalazimisha kuliuliza mahali hapo.

Upande wa pili, Kiswahili kina matatizo ambayo wengine hawana. Majina ya siku yanahesabiwa baada ya Ijumaa: Jumamosi ni siku ya kwanza katika hesabu hiyo, Jumapili ni ya pili. Injili zinasema kwamba kaburi lilikutwa wazi siku ya kwanza ya juma. Anayefuata hesabu iliyo ndani ya majina yenyewe angedhani ni Jumamosi. Mfasiri akiandika Jumapili, amelitatua jambo, lakini amelificha wazo la siku ya kwanza, yaani mwanzo mpya wa uumbaji, ambalo mwinjilisti alilitilia mkazo. Akiliacha kama lilivyo, anamwachia mhubiri kazi ya kueleza. Ni vema kujua kwamba mahali hapo maelezo yanahitajika.

5.0 Maneno matatu na maisha ya kanisa

Tuyatazame sasa maneno matatu ambayo maana zake za mtaani zinaingia kanisani pamoja na waumini.

La kwanza ni imani. Kanisani ni kumwamini Mungu na yale aliyoyafunua. Lakini katika Kiswahili cha kila siku, mtu mwenye imani ni mtu mwenye huruma. Asiye na imani ni mkatili. Mama akimlilia dereva amsubiri, humwambia awe na imani. Maana hizi mbili hazigongani. Kinyume chake, mhubiri anayefafanua Waraka wa Yakobo, unaofundisha kwamba imani bila matendo imekufa, ana msaada katika lugha ambao mwenzake anayetumia Kiingereza hana. Kwa Mswahili, imani isiyomwonea huruma mwenye njaa inajipinga yenyewe kwa jina lake. Inasikitisha kwamba mahubiri mengi hayaigusi maana hii ya pili, kana kwamba ni ya kidunia.

La pili ni haki. Hapa neno moja linabeba mambo ambayo lugha nyingine huyatenganisha: uadilifu wa mtu mbele ya Mungu, hukumu isiyo na upendeleo, na stahili ambayo mtu anaweza kuidai. Yesu anapowasifu wenye njaa na kiu ya haki, mlei aliyedhulumiwa shamba lake anasikia habari za shamba. Mwanateolojia atasema kwamba mtume Paulo, anapoandika juu ya kuhesabiwa haki, hazungumzii mashamba. Ni kweli. Tafsiri ya Habari Njema, mahali kadhaa, imeelekea kwenye uadilifu ili kuondoa utata huo. Lakini utata huo una faida yake. Neno la Kiebrania lililo nyuma ya mafundisho hayo nalo halikutenganisha usafi wa moyo na hukumu ya haki mlangoni pa mji. Muumini anayesikia yote mawili hajakosea. Amesikia upana ambao istilahi finyu ingeupunguza.

La tatu ni neema, na hapa pana hatari. Katika mafundisho ya makanisa yote, neema ni fadhila ya Mungu isiyostahiliwa wala kununuliwa. Lakini mwaka wa neema, kwa mkulima, ni mwaka wa mavuno mengi, na kuneemeka ni kustawi kwa mali. Maana hii si potofu. Ndiyo maana ya awali ya neno lenyewe. Katika miongo ya karibuni, mahubiri ya ustawi yameenea mijini, yakiahidi gari, nyumba na uponyaji kwa mwenye kutoa sadaka kubwa. Mahubiri hayo hayakuhitaji kubuni neno jipya. Neno lilikuwa tayari limesimama mlangoni. Mhubiri akisema kwamba Mungu anataka umpokee kwa neema, na msikilizaji akasikia kwamba Mungu anataka aneemeke, hakuna aliyesema uongo, lakini Injili imegeuzwa mkataba. Mjane anayetoa akiba ya mwezi kwa matumaini ya kuneemeka amepotezwa na waliojua kutofautisha maana hizo na wakanyamaza. Hili si suala la kamusi peke yake.

Pamoja na maneno yaliyorithiwa, kanisa limejitungia mengine. Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanza Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930, ulituletea mlokole kutoka Kiganda, na ukalipa neno kuokoka maana ya kipekee ya tukio linaloweza kutajwa tarehe yake. Makanisa ya Kipentekoste yameeneza upako. Wakatoliki wana Ekaristi, Majilio na Misa. Walutheri wana Chakula cha Bwana na ibada. Hata sala na maombi, maneno yanayokaribiana sana, mara nyingi humtambulisha msemaji dhehebu lake. Kiswahili kiliwaunganisha Wakristo wa makabila mengi, lakini hakikuwaondolea alama za madhehebu. Kiliwapa tu alama ambazo wote wanaweza kuzisoma.

6.0 Lugha kuukuu na msikilizaji wa leo

Linabaki swali linaloulizwa na vijana: kwa nini tuendelee kusoma Union ilhali Kiswahili chake hakisemwi tena? Hoja yao ina nguvu. Miundo yake mingi hufuata Kiebrania na Kigiriki, ikiunganisha vitenzi vya masimulizi kimoja baada ya kingine, na baadhi ya maneno yake kijana wa leo hayasikii popote isipokuwa kanisani. Ikiwa Maandiko yalitafsiriwa ili yaeleweke, kuyahifadhi katika lugha isiyoeleweka ni kuirudisha Misa ya Kilatini kwa mlango wa nyuma.

Lakini kuna hoja ya upande wa pili. Biblia kanisani husikilizwa zaidi kuliko inavyosomwa, na lugha ya kusikilizwa ina mahitaji yake. Mwendo wa Union, wenye marudio na viambishi vya -ka- vinavyosukumana, ni mwendo wa msimulizi. Bibi asiyejua kusoma amehifadhi zaburi nzima kwa mwendo huo, naye huzitamka kitandani anapougua. Tafsiri nyepesi hueleweka upesi, lakini aghalabu haikai kichwani. Zaidi ya hayo, lugha ya heshima imo katika utamaduni wa Waswahili wenyewe. Hakuna anayetarajia utenzi uandikwe kwa lugha ya sokoni.

Kwa maoni yangu, hatulazimiki kuchagua moja na kuitupa nyingine. Yanayotakiwa ni haya. Kwanza, vyuo vya theolojia vifundishe Kiswahili kama taaluma, pamoja na historia ya msamiati wa dini, badala ya kudhani kwamba kila mchungaji anakijua kwa kuwa anakisema. Pili, wasomaji wa masomo kanisani wafunzwe kusoma kwa sauti, maana sentensi nyingi zinazodaiwa kuwa ngumu zimeharibiwa na msomaji asiyejua mahali pa kutua. Tatu, katika marekebisho yajayo, wafasiri washirikiane na wanaisimu, washairi wa pwani na hata masheikh, kama alivyofanya Krapf na kadhi wa Mombasa. Nne, sisi wa vyuo vikuu tuzitambue tafsiri za mwaka 1879, 1891, 1914, 1937, 1952 na za karibuni kuwa hazina ya data. Ni nadra kupata matini ndefu moja iliyoandikwa upya mara nyingi hivyo katika muda wa miaka 150, na katika lahaja zaidi ya moja.

7.0 Hitimisho

Tumeona kwamba Biblia ya Kiswahili ilizaliwa kwa ushirikiano wa wageni na wenyeji, Wakristo na Waislamu, ingawa majina ya wenyeji wengi hayakuandikwa kwenye majalada. Tumeona kwamba juhudi za kuisafisha lugha hazikufanikiwa, kwa sababu lugha ya dini haiwezi kutengwa na maisha ya wanaoisema. Tena tumeona kwamba viambishi hukiri imani, na kwamba neno lililozoeleka, kama neema, laweza kumjenga muumini au kumpoteza, kulingana na uangalifu wa anayelitamka.

Wajibu wa mwanaisimu katika haya yote si kuwaambia waumini waamini nini. Ni kuwaonyesha kilichomo ndani ya maneno wanayoyatumia, ili wanapoyatamka wajue wanakiri nini, na wanapohubiriwa wajue wanaambiwa nini.